Viungo vya kalamu vinaachia

Swali: Nakereza kalamu za vipande vya mpingo na mninga. Nikitoboa tundu la bomba la shaba, viungo vinaachia. Tatizo ni nini?

Jibu: Fundi, chunguza gundi kwanza, kisha joto. Mpingo una mafuta ya asili yanayozuia gundi kushika. Piga msasa nyuso za kuunganishwa, zipanguse kwa asetoni, na zikikauka tu upake epoksi inayokauka polepole. Usikaze jiliwa kupita kiasi, gundi yote itakamuliwa nje. Acha saa 24.

Epoksi hulegea ikipata joto. Tumia keekee kali, mwendo wa taratibu, na uitoe mara kwa mara kuondoa unga. Kata kipande kirefu kuliko bomba. Ishia kabla keekee haijatokeza upande wa pili, kisha kata ncha hiyo. Hapo mbao haitapasuka mwishoni.

Wakati wa kukereza, nyoa kidogo kidogo kwa patasi iliyonolewa vizuri. Usitegemee msasa sana: vumbi jeusi la mpingo huingia kwenye vinyweleo vya mninga na kuuchafua. Na barakoa usiivue, vumbi hilo huwasha mapafu.