Seli za kinga hufaje, na panya anaingiaje hapo?

SWALI: Daktari, niko Maisaka, Babati. Nasikia UKIMWI huchunguzwa kwa panya. Kwani panya huambukizwa? Na seli za kinga za CD4 hufa vipi hasa?

JIBU: Panya wa kawaida haambukizwi. VVU hujishikiza kwenye protini ya CD4 iliyo juu ya seli hizo za binadamu. Ile ya panya haivifai. Ndiyo maana mwaka 1988 watafiti wa Marekani walipandikiza tishu za kinga za binadamu ndani ya panya waliozaliwa bila kinga yao. Wapo pia panya wanaopewa virusi vya jamii yao, tezi na bandama zikavimba. Ugonjwa huo nao umepachikwa jina la UKIMWI, jina ambalo kwa maoni yangu linapotosha.

Kuhusu vifo vya seli zenyewe, wengi hudhani kirusi huzaliana ndani ya seli mpaka ipasuke. Utafiti wa 2014 kwenye tishu za tonsili za binadamu ulionyesha vingine: zaidi ya asilimia 95 ya seli zilizokufa hazikuzalisha virusi. Kirusi huingia, huanza kunakili vinasaba vyake, hukwama. Seli hunusa vipande vya vinasaba vilivyokwama na kujilipua, ikimwaga kemikali za uvimbe. Kemikali hizo huita CD4 nyingine, nazo zinaangamia hapohapo. Ni kama nyumba inayojichoma kwa kumwogopa mwizi.

Dawa za tenofovir na lamivudini, zilizomo kwenye kidonge kimoja cha kila siku kinachotolewa kliniki nyingi nchini, huzuia unakili huo. Tanzania ilianza 2016 kumpa dawa kila anayekutwa na VVU, bila kungoja CD4 zishuke.