Kugeuza Mguu wa Meza Katika Kompyuta

Muhula huu nilijaribu kutengeneza katika kompyuta picha zitembeazo, zionyeshazo jinsi meza inavyoungwa. Ubao wa juu umetulia mahali pake, na miguu minne iliyolala chini yainuka mmoja mmoja na kuingia katika matundu yake. Mwanzo na mwisho vilikuwa sawa, lakini katikati ya safari kila mguu ulikuwa mfupi, kisha ukarefuka tena. Seremala gani amepata kuona mti ukinywea kwa sababu umegeuzwa? Kosa lilikuwa la hesabu zangu, nami napenda kulieleza ili mwingine asilirudie.

Chukua mguu wa sentimita 100, umelala. Ncha yake moja iko penye (0, 0), na ya pili penye (100, 0). Ukisimama, ncha ya pili itakuwa penye (0, 100). Mimi nilitafuta nafasi ya katikati kwa kutwaa wastani wa namba hizo, nikapata (50, 50). Sasa pima kwa kanuni ya Pythagoras: 50 × 50 mara mbili ni 5,000, na kipeuo chake cha pili ni karibu 71. Sentimita 29 zimepotea! Sababu ni kuwa ncha ilipita njia ya mkato, kwa mstari ulionyoka, hali kitu kigeukacho hufuata tao la duara.

Dawa yake ni kugawanya pembe, si namba za mahali. Nusu ya nyuzi 90 ni 45. Kosini ya nyuzi 45 ni 0.707, na sini yake ni hiyo hiyo, basi ncha iko penye (70.7, 70.7), na urefu wabaki 100. Kusogea bila kugeuka kwaweza kufuata mstari ulionyoka. Ni kugeuka tu kunakotaka pembe.

Labda utauliza: mguu ukigeuka mbele na kando pia, tugawanye pembe ipi? Leonhard Euler alithibitisha mwaka 1775 kuwa kitu kigumu kikigeuzwa vyovyote, nukta yake moja ikiwa imetulia, mageuzo yote ni sawa na mzunguko mmoja kwa mhimili mmoja. Tafuta mhimili huo, kisha gawanya pembe yake. Tarehe 16 Oktoba 1843, William Rowan Hamilton, akitembea kwa miguu huko Dublin, alivumbua namba za sehemu nne ziitwazo kwaternioni, ziwezazo kuhifadhi mhimili na pembe pamoja. Mwaka 1985 Ken Shoemake aliwaonyesha watengenezaji wa picha za kompyuta jinsi ya kuzitumia.

Nilipofuata njia hiyo, miguu yangu yote ilisimama bila kunywea. Lakini usiniamini bure. Twaa karatasi, ugeuze mguu ule nyuzi 180, toka (100, 0) hadi (-100, 0), kisha utafute wastani. Utaona kuwa mguu mzima umetoweka.