SOMO: UNITI ZILIZOPELEKWA NA UNITI ZILIZOUZWA — MFANO WA LUDEWA

Shirika la umeme huwa na madaftari mawili. La kwanza huonesha uniti zilizopelekwa kwenye transfoma. La pili huonesha uniti zilizouzwa kwa wateja wa transfoma hiyo. Sayansi ya takwimu, yaani fani ya kuzisoma kumbukumbu nyingi kwa pamoja kwa kutumia kompyuta, huyalinganisha madaftari hayo na kutafuta sababu ya tofauti iliyopo. Jawabu likikosewa, mtu asiye na hatia huitwa mwizi wa umeme.

Wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe, inafaa kwa somo hili. Vijiji vyake vimetawanyika baina ya milima ya Livingstone na mwambao wa Ziwa Nyasa, hivyo fundi hawezi kuvizungukia vyote kila mwezi. Huko Mawengi ulijengwa mtambo wa maji wa kilowati 300 kwa msaada wa shirika la Kitaliano la ACRA, na uendeshaji wake ukakabidhiwa jumuiya ya watumiaji, LUMAMA. Ikajengwa pia njia kuu ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea, katika mradi ulioihusisha pia Ludewa.

Kwa mtambo mdogo hesabu haina mzaha. Mashine ya kusaga ikiwashwa saa moja usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, mzigo huzidi. Ikisaga saa nne asubuhi, maji yale yale hutosha. Kumbukumbu za kila saa ndizo zinazomwezesha msimamizi kumpangia mwenye mashine wakati wake bila ya ugomvi.

Kwa wateja wa LUKU wa Bara, kama ilivyo kwa wateja wa TUKUZA wa Zanzibar, kila ununuzi huandikwa: namba ya mita, tarehe, saa na kiasi. (Tarakimu 20 anazopewa mteja zilikuwa zikibeba ndani yake hesabu ya dakika tangu mwaka 1993. Hesabu hiyo ilifikia ukomo tarehe 24 Novemba, 2024, na ndiyo sababu mita za aina hiyo duniani zililazimika kuingizwa namba maalumu kabla ya siku hiyo.) Hata hivyo, ununuzi si matumizi. Mita ya kawaida ya malipo ya kabla haileti habari yoyote ofisini, inapokea tu.

Ichukuliwe transfoma ya kijiji, kwa mfano wa kufundishia, iliyopelekewa uniti 6,000 kwa mwezi, na zilizouzwa zikawa 4,800. Tofauti ni uniti 1,200, yaani asilimia 20. Afisa mwenye pupa ataagiza msako. Afisa makini atauliza kwanza iwapo orodha ya wateja ni sahihi. Ikibainika kuwa nyumba 40, kila moja ikinunua uniti 25, zimeandikwa kwenye transfoma jirani kimakosa, uniti 1,000 zimepatikana. Zinazobaki ni 200, kiasi kidogo zaidi ya asilimia 3, na nyaya zenyewe hupoteza umeme njiani. Transfoma ile ya jirani nayo inaweza kuonekana imeuza kuliko ilivyopokea, jambo lisilo la kawaida. Dalili hiyo ndiyo ya kutafutwa mwanzo, kabla ya kupanda ngazi ya mtu.

Jambo jingine ni kimya. Programu ya kompyuta inaweza kuitilia shaka kila mita isiyonunua uniti kwa miezi miwili. Lakini mkulima wa mahindi wa Ludewa aliyeuza mavuno yake huweza kununua uniti za muda mrefu kwa mkupuo. Na huku visiwani, mvuvi aliyekwenda dago au familia iliyohamia kambi ya karafuu huiacha nyumba gizani kwa haki kabisa. Kompyuta haijui msimu mpaka ifundishwe, na wa kuifundisha ni msoma mita, sheha au mtendaji wa kijiji.

Taarifa za hitilafu nazo ni takwimu. Mwananchi anayepiga simu kusema “umeme hakuna” amesaidia kidogo. Anayetaja shehia au kijiji, namba ya nguzo iliyo karibu, saa umeme ulipokatika na iwapo jirani naye amekosa, amemwezesha fundi kujua, kabla ya kuondoka ofisini, kama achukue fyuzi ya transfoma au waya wa nyumba moja.