SOMO LA KIKUNDI: Kurekebisha Maandishi kwa Kompyuta

Somo hili ni la makatibu wa vikundi, lakini lisomwe na wanachama wote. Litachukua vipindi viwili vya saa moja. Mtahitaji kompyuta moja kwa watu watatu au wanne, kalamu, na kumbukumbu za mkutano wenu mmoja wa zamani. Kompyuta yaweza kuwa ya shule, ya ofisi ya kanisa au ya saiba mjini.

Kisa cha kuanzia

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata mali yenye daftari hupotea, kama daftari limeandikwa vibaya na hakuna aliyelisoma.

Nilikuwa katibu wa kikundi chetu upande wa Runyenjes. Tulikuwa wanachama 24, wengi wao akina mama wakulima wa kahawa. Mchango wetu ulikuwa shilingi 200 kwa mwezi, na faini ya kuchelewa mkutanoni shilingi 20. Siku moja tulikubaliana faini ipande iwe shilingi 50. Nikaenda mjini, nikafungua katiba yetu kwenye kompyuta, nikaiagiza ibadilishe kila penye 20 paandikwe 50. Kufumba na kufumbua, kazi imekwisha. Nikachapisha nakala tatu, mwenyekiti akatia sahihi, nikarudi nyumbani nikijiona fundi.

Mkutano uliofuata, nyanya mmoja ambaye hajui kusoma aliomba katiba mpya isomwe kwa sauti. Nilipofika kwenye kifungu cha mchango nikasoma: "Kila mwanachama atatoa shilingi 500 kwa mwezi." Watu wakanyamaza. Nyanya akaniuliza, "Mwanangu, hiyo mia tano tuliipitisha lini?"

Nilitafuta jibu nikakosa. Wengine wakaanza kunong'ona kwamba katibu na mweka hazina wana njama yao. Hesabu ni rahisi: shilingi 300 za ziada kwa watu 24 ni shilingi 7,200 kila mwezi. Kumbe kompyuta ilitii nilivyoiagiza. Iliona 20 ndani ya 200, ikaigeuza kuwa 500. Hata mwaka wa kuanza kwa kikundi, 2009, ulikuwa umegeuka 5009. Huo mwaka ndio ulioniokoa, maana ni mwizi gani angehangaika kubadilisha mwaka?

Kikundi hakikuvunjika, lakini kilichukua muda kuniamini tena. Kwa hiyo ninaandika somo hili kama mtu aliyeungua.

Kwa nini tujifunze wenyewe?

Zamani katibu aliandika kwa mkono, au karatasi zikapigwa kwa taipureta. Ukikosea, unapaka tipeksi. Ukitaka kuongeza kifungu katikati, unaandika ukurasa mzima upya. Kompyuta imetuondolea taabu hiyo. Unasahihisha neno moja na mengine yanabaki yalivyo.

Lakini vikundi vingi bado vinampa kijana wa saiba karatasi na kuondoka. Yeye haujui mkutano wenu. Akiwa na haraka atachukua katiba ya kikundi kingine na kubadilisha jina la juu tu. Ukurasa wa tatu bado unataja ufugaji wa samaki, nanyi mnafuga mbuzi!

Karatasi hizi si mchezo. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinachoomba kusajiliwa hupeleka katiba yake, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama. Benki nayo itaomba kumbukumbu mkitaka kubadilisha watia sahihi. Kwa hiyo ni vizuri angalau wanachama wawili wajue kurekebisha maandishi, wasitegemee mtu wa nje.

Hatua ya 1: Mshale na kufuta

Fungua programu ya kuandikia. Zinazotumika sana ni Word, ambayo huuzwa, na LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2010. Zote mbili hufanya kazi zilizo katika somo hili. Wala usidhani kompyuta ni ya Kiingereza pekee. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maagizo ya Kiswahili.

Kwenye ukurasa utaona kijistari kinachopepesa. Hapo ndipo herufi itakapoingia. Kisogeze kwa vitufe vya mishale, au peleka kipanya mahali unapotaka na ubonyeze mara moja.

Kuna vitufe viwili vya kufuta. Backspace hufuta herufi iliyo nyuma ya kijistari, upande wa kushoto. Delete hufuta iliyo mbele, upande wa kulia. Wanaoanza hufuta mstari wote ili kusahihisha neno moja. Usifanye hivyo. Peleka kijistari penye kosa, futa herufi mbaya, andika iliyo sawa.

Hatua ya 2: Kuchagua, kukata na kubandika

Kabla ya kuhamisha maneno, lazima uyachague. Bonyeza kipanya mwanzo wa maneno, ushikilie, uvute hadi mwisho, kisha uachilie. Maneno yatatiwa kivuli. Sasa shika kitufe cha Ctrl na ubonyeze moja ya herufi hizi:

- X: kukata. Maneno yanaondoka pale yalipokuwa.
- C: kunakili. Maneno yanabaki, na nakala inashikwa na kompyuta.
- V: kubandika. Maneno yanaingia penye kijistari.

Majina haya yametoka kwenye mkasi na gundi. Wahariri wa zamani walikata karatasi kwa mkasi na kuibandika mahali pengine. Katika miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott, wakifanya kazi Palo Alto huko Marekani, waliiweka kazi hiyo ndani ya kompyuta. Leo katibu wa Siakago anatumia mkasi huo huo bila kukata karatasi.

Angalia sana: maneno yakiwa yametiwa kivuli, ukigusa herufi yoyote yote yatafutika na herufi hiyo itakaa mahali pao. Hili limewatisha wengi. Dawa yake ni hatua inayofuata.

Hatua ya 3: Kurudi nyuma

Shika Ctrl na ubonyeze Z. Kompyuta itatengua jambo la mwisho ulilofanya. Bonyeza tena, itatengua la kabla yake. Ukiona ukurasa umekuwa mtupu, usipige kelele na usizime mashine. Ctrl na Z kwanza.

Hatua ya 4: Kutafuta na kubadilisha

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Ctrl na F hutafuta neno. Ctrl na H hutafuta neno na kuweka jingine mahali pake. Ni msaada mkubwa, kwa mfano jina la kikundi likibadilika na limeandikwa mara thelathini.

Kisanduku kitakupa njia mbili: kubadilisha moja moja, au kubadilisha zote kwa pamoja. Shikeni kanuni hizi:

1. Tarakimu zibadilishwe moja moja, kila mara ukisoma sentensi nzima.
2. Usitafute 20 peke yake. Tafuta "faini ya shilingi 20", ili kompyuta isiguse kitu kingine.
3. Ukimaliza, tafuta tarakimu mpya uone imeingia wapi na wapi.

Kama ningefuata kanuni ya tatu tu, nyanya asingeniuliza swali lile.

Hatua ya 5: Herufi za lugha zetu

Majina yetu yana herufi ambazo haziko kwenye kibodi. Kiembu huandikwa kwa ĩ na ũ zenye wimbi juu, kama katika Mũthoni. Kimeru mara nyingi huandikwa kwa î na û zenye kofia, kama katika Kîmîîru.

Nenda kwenye mstari mtupu. Andika 0169, kisha shika kitufe cha Alt na ubonyeze X. Nambari itageuka kuwa ũ. Kwa ĩ andika 0129. Kwa î andika 00EE, na kwa û andika 00FB, kwa njia hiyo hiyo. Ukishaipata herufi, inakili na uibandike kila inapohitajika, kama tulivyojifunza katika hatua ya 2.

Lakini kwenye orodha ya wanachama ya kupelekwa serikalini, andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mwenyewe. Mlete kitambulisho, msikisie.

Jambo jingine: ukiona mstari mwekundu chini ya neno la Kiswahili, usidhani umekosea. Mara nyingi mashine imewekwa kukagua Kiingereza, na kwake "mweka hazina" ni kosa. Pengine itabadilisha neno lako bila kuuliza. Na neno lililoandikwa sawasawa halina mstari hata kama si lile mlilokusudia. Mkisema "mbuzi saba" nawe ukaandika "mbuzi sita", hakuna mashine itakayokuambia.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Stima hupotea bila kubisha hodi. Kila baada ya aya moja, shika Ctrl na ubonyeze S. Mara ya kwanza kompyuta itakuuliza jina la faili. Usiandike "barua" au "mpya". Andika jina la kazi na tarehe: "kumbukumbu mkutano 14 Juni", kisha mwaka.

Kabla ya kurekebisha katiba, usiiguse ya zamani. Ihifadhi kwa jina jingine, kama "katiba rasimu ya 2", halafu urekebishe hiyo mpya. Hivyo mtu akiuliza katiba ilisemaje mwanzoni, jibu lipo. Nakala moja iwe kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina, nyingine kwa katibu. Mkiwa saiba, mkisha kuhifadhi kwenye flashi, futeni faili yenu kwenye mashine ile. Ina majina na nambari za vitambulisho vya watu.

Amana ya katibu

Kwenye daftari la kalamu, mtu akibadilisha tarakimu tunaona alama ya kufuta. Kwenye kompyuta karatasi hutoka safi, kama kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Hii ndiyo faida yake, na hii ndiyo hatari yake. Kwa sababu hiyo kikundi kiwe na taratibu zake:

- Rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mkutano kabla ya kutiwa sahihi. Asiyejua kusoma anajua kusikia, na mara nyingi anakumbuka kuliko sisi wenye kalamu.
- Watu wawili wakague tarakimu zote: mmoja asome kutoka daftari la mkono, mwingine aangalie karatasi iliyochapishwa.
- Kumbukumbu zilizotiwa sahihi zisiguswe tena. Kosa likionekana baadaye, lirekebishwe katika mkutano unaofuata na kuandikwa huko kwamba limerekebishwa.
- Katibu hasahihishi maamuzi. Anasahihisha herufi. Hata kama anaona mkutano ulikosea, anaandika ulivyosema.

Zoezi

Andikeni maneno haya kama yalivyo, pamoja na makosa yake, kisha mhifadhi:

"Mkutano ulifunguliwa kwa maombi saa nane mchana. Wanachama 18 walihuzuria. Mweka hazina alisoma hesabu ya shilingi 18,400. Wanachama 6 walituma udhuru. Ilikubaliwa tununue mbuzi wa maziwa wawili."

1. Sahihisheni "walihuzuria" iwe "walihudhuria" bila kufuta neno zima.
2. Kateni sentensi ya waliotuma udhuru na kuibandika baada ya ile ya waliohudhuria.
3. Mwanachama mmoja amekumbukwa kwamba alikuwepo. Badilisheni 18 kuwa 19 kwa njia ya "zote". Sasa tazameni fedha za kikundi. Zimekuwa ngapi? Tumieni Ctrl na Z, mkafanye kwa njia iliyo salama.
4. Je, hesabu ya wanachama 24 bado inakubaliana? Ni tarakimu gani nyingine inayopaswa kubadilika?

Maswali ya kujadiliana

1. Katiba yetu iko wapi sasa, na ni nani anayeweza kuirekebisha?
2. Ni lini mara ya mwisho ilisomwa kwa sauti mbele ya wanachama wote?
3. Tuwachague wanachama gani wawili wajifunze kazi hii, na tutawalipia nauli vipi?

Kata ukurasa huu uuweke kwenye faili ya kikundi. Na mtakaporudi kutoka mjini na karatasi mpya, nzuri, yenye harufu ya wino, msikimbilie kalamu ya kutia sahihi. Mwombeni nyanya aketi mbele, mkasome polepole.