MITI YA NJIA YA UNYAMWEZI

Ipuli ni sehemu ya mji wa Tabora. Ukitoka huko ukaingia katika pori lisilolimwa, utaona miti mingi sana. Lakini ukiitazama kwa makini utaona ya kuwa sehemu kubwa ni ya jamii moja. Milima ya Usambara, nayo, ina miti ya aina nyingi mno. Kwa nini iwe hivi? Tuufuate msafara wa zamani, tupate jawabu njiani.

Burton na Speke walianza safari yao pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba. Katika njia hiyo mpagazi aliweza kujua alipo kwa kutazama miti tu. Pwani aliacha minazi. Ugogo, ambako mvua ya mwaka mara nyingi haifiki milimita 600, alikuta mibuyu yenye kuweka maji ndani ya shina, na migunga yenye vijani vidogo visivyopoteza maji upesi. Kisha ilikuja Mgunda Mkali, nyika ya kiu na vichaka vilivyosongamana, ambayo wapagazi waliiogopa sana. Mwisho alifika Unyamwezi, katika miombo. (Miembe ya Tabora tusiihesabu. Asili yake ni upande wa Bara Hindi, nayo ilipandwa na watu.)

Tabora hupata mvua ya milimita 900 hivi kwa mwaka, lakini karibu yote hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi, na moto hupita katika majani makavu. Si kila mti uwezao kustahimili hayo.

Lakini mvua peke yake haielezi yote. Lazima tujue na nasaba ya miti. Muyombo ni wa jamii ya mikunde, kama maharagwe, na ndugu zake wa karibu wako hata leo katika msitu wenye mvua wa Kongo. Jamii hii ina urithi mmoja wa ajabu: mizizi yake hushirikiana na kuvu walio ardhini. Mti huwapa kuvu sukari, nao huuletea chakula kutoka udongo wa kichanga usio na rutuba. Uyoga mnaouokota mvua za kwanza zinaponyesha, mwingi ni matunda ya kuvu hao. Kwa msaada huo miombo imeishinda miti mingine na kulijaza pori.

Usambara mambo yalikwenda njia nyingine. Upepo wa Bahari ya Hindi huleta mvua karibu kila mwezi. Amani hupata milimita 1,900 hivi kwa mwaka. Nchi za chini zilipokauka zamani sana, milima ilibaki na unyevu kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo miti ya kale haikufa, na mingine mipya ikatokea, hata iko isiyoota mahali pengine po pote duniani.

Muyombo ukikatwa, kisiki huchipua. Warina asali wa Tabora wanalijua jambo hili, na wakulima wa tumbaku wakatao kuni za kukaushia wanalijua pia. Lakini kisiki kikichimbwa, na shamba likalimwa mwaka hata mwaka, hakuna cha kuchipua. Mbegu nazo haziendi mbali: ganda hupasuka kwa jua kali na kuzirusha hatua chache tu kutoka kwa mama yao.