DAFTARI LA DUKA HUPUNGUZA KODI



Mara nyingi wahitimu wa kisomo hutuuliza: "Sasa najua kusoma na kuandika. Je, kalamu hii itanipa nini?" Leo tutajibu kwa hesabu ya fedha. Chukueni kalamu na karatasi, tuhesabu pamoja.

Tuseme yuko mwenzetu mmoja, tumwite Mama Neema. Ana duka dogo kijijini. Anauza sukari, chumvi, sabuni na mafuta ya kula. Kwa wiki anauza bidhaa za shilingi 100,000. Mwaka una wiki 52. Basi mauzo yake ya mwaka ni:

100,000 × 52 = shilingi 5,200,000

Hapo tuelewane. Mauzo siyo faida. Mauzo ni fedha zote zilizoingia dukani, kabla ya kutoa gharama yoyote. Hapa Tanzania, kodi ya mapato ya mfanyabiashara mdogo hukadiriwa kwa mauzo ya mwaka mzima.

Sheria inasemaje?

 Viwango tunavyotumia hapa viliwekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019. Navyo ni hivi:

1. Mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000: hakuna kodi ya mapato.

2. Mauzo yanayozidi 4,000,000 lakini hayazidi 7,000,000: asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000.

Asilimia 3 maana yake ni shilingi 3 katika kila shilingi 100.

Tumhesabie Mama Neema:

5,200,000 − 4,000,000 = 1,200,000
Asilimia 3 ya 1,200,000 = 36,000

Akiwa na daftari atalipa 36,000. Asipokuwa nalo atalipa 100,000. Tofauti ni shilingi 64,000! Duka ni lile lile, sukari ni ile ile. Kilichomwokoa ni daftari na kalamu.

Na wewe ambaye mauzo yako hayafiki milioni 4, usiseme "hayanihusu." Afisa akikadiria kuwa unauza zaidi, utamwonyesha nini? Maneno matupu hayatoshi, bwana. Daftari ndilo shahidi wako.

Tuandike nini?

Kila jioni, kabla ya kufunga duka, andika tarehe, fedha zilizoingia na fedha zilizotoka. Ukichukua sukari ya nyumbani, iandike pia. Stakabadhi za manunuzi zitie kwenye bahasha, mbali na mchwa na mvua. Sheria inataka kumbukumbu hizo zitunzwe miaka 5.

Tupange fedha mapema

Kodi hii hulipwa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa Mama Neema kila awamu ni shilingi 9,000. Asipojiandaa, mwezi Machi utamkuta mkono mtupu. Atachukua fedha ya mtaji, na rafu za duka zitabaki wazi. Basi kila wiki agawe hivi:

Kununua bidhaa na nauli: 80,000
Matumizi ya nyumbani: 12,000
Mahitaji ya shule: 3,000
Akiba: 4,300
Kodi: 700
Jumla: 100,000

Robo ya mwaka ina wiki 13. 700 × 13 = 9,100. Awamu imepatikana, na shilingi 100 inabaki! Shilingi 700 kwa wiki haiumi. Shilingi 25,000 kwa mpigo, ambayo ndiyo awamu ya asiye na daftari, inauma.

Fedha ya kodi iwe na kopo lake, au iwekwe kwenye simu. Isiguswe hata mgeni akija.

Kumbukeni pia: mfanyabiashara anatakiwa awe na namba ya mlipa kodi, yaani TIN. TRA huitoa bila malipo. Bunge huweza kubadilisha viwango wakati wa bajeti, kwa hiyo ulizeni ofisi ya TRA kabla ya kulipa. Na mkishalipa, tunzeni stakabadhi.

Maneno ya kukumbuka

Mauzo: fedha zote zilizoingia kwa kuuza.
Faida: fedha inayobaki baada ya kutoa gharama.
Awamu: sehemu moja ya malipo yaliyogawanywa.

Zoezi

Bwana mmoja anauza chai na maandazi ya shilingi 120,000 kwa wiki. Ana daftari. Je, mauzo yake ya mwaka ni kiasi gani? Atalipa kodi kiasi gani? Kila wiki aweke kiasi gani?

Majibu: Mauzo ni 6,240,000. Kodi ni 67,200. Aweke 1,300 kila wiki.

Kama umepata, anza daftari lako leo jioni. Usingoje Januari.