Dondoo muhimu: Kuhakiki faili za ushahidi kutoka Masisi na Walikale

Picha inayopigwa Masisi au Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha kubebwa kwa flashi hadi Goma, huweza kuharibika au kubadilishwa njiani bila dalili yoyote ya nje. Ndiyo maana mtunza kumbukumbu hukokotoa kwanza alama-hakiki, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaotokana na maudhui yote ya faili, ambao hubadilika kabisa hata ikiguswa nukta moja tu ya picha. Katika Linux, amri sha256sum *.jpg > orodha.txt, inayoandikwa kwenye dirisha la amri, huhifadhi alama hizo, kila moja yenye vibambo 64, na mpokeaji akiandika sha256sum -c orodha.txt huona neno OK kando ya kila faili iliyofika salama. Kwenye Windows hutumika certutil -hashfile picha.jpg SHA256.

Orodha hiyo isisafiri katika flashi ileile, kwa kuwa anayeweza kubadilisha picha anaweza pia kuandika alama mpya. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, hivyo alama yake haitalingana ingawa hakuna aliyeichezea.

Mwaka 2018 mahakama ya kijeshi huko Bukavu ilipokea picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness to Atrocities, ambayo hukokotoa alama ya namna hii picha inapopigwa. Kukokotolewa mapema hivyo ndiko kunakoipa alama uzito, kwani alama iliyokokotolewa baadaye haithibitishi lolote kuhusu yaliyotangulia.